Helikopta Iliponigeuzia Uso

Saa kumi na mbili asubuhi hapa kwetu Tanga upepo wa bahari bado haujaamka. Kuna umande tu, ule upepo mwepesi utokao bara, na siku nyingine hata huo hukatika kabisa, makuti ya minazi yakabaki yananing'inia kama nguo kwenye kamba. Hali hiyo hudumu nusu saa, ikizidi sana dakika arobaini. Miaka mitatu sasa nusu saa hiyo ndiyo darasa langu, na karibu yote niyajuayo kuhusu kurusha helikopta ya rimoti nimeyapata humo.

Nayaandika haya kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuinunua, au anayekusanya fedha za kuinunua, na anadhani kazi kubwa ni kuipaisha. Kuipaisha ni sekunde mbili. Kazi ni kuifanya itulie hewani, mahali pamoja, mpaka uamue wewe iondoke.

Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari. Mdogo wangu anafanya kazi Maskati, na alipokuja likizo alimletea mwanangu helikopta ya kuchezea inayoenea kiganjani. Ilikuwa na seti mbili za mapanga, moja juu ya nyingine, kwenye mhimili mmoja. Mtoto aliichezea siku mbili akarudi kwenye mpira wake. Mimi nikaichukua nikaenda nayo darasani.

Kwa somo ilikuwa hazina. Panga likizunguka kuelekea kulia, mwili wa helikopta hutaka kuzunguka kuelekea kushoto. Hiyo ndiyo kanuni ya tatu ya Newton ambayo wanafunzi huikariri bila kuiona. Kwenye ile ndogo, seti ya juu inakwenda upande huu na ya chini upande ule, kila moja inaufuta msukumo wa mwenzake, na mwili unatulia. Ni njia ile ile waliyoitumia NASA kwa Ingenuity, helikopta iliyoruka kwenye sayari ya Mirihi tarehe 19 Aprili 2021. Nayo ilikuwa na mapanga juu na chini, upana wa mita 1.2 kutoka ncha hadi ncha, yakizunguka kinyume. Siku ile ya kwanza ilipanda mita 3, ikaelea, ikageuka kidogo, ikatua. Sekunde 39. Niliwaambia wanafunzi: tazameni walichochagua kukifanya kwanza watu waliofanya kazi ile kwa miaka. Hawakuipeleka mbali. Waliiacha ielee tu, wakaishusha. Niliyasema hayo kwa midomo yangu mwenyewe, kisha ikanichukua mwaka mzima kuyafuata.

Ile ndogo nilipoitoa uani jua la saa nne likaikata mawasiliano, ikaanguka kama embe. Rimoti yake ilitumia miali isiyoonekana kama ya rimoti ya televisheni, na jua nalo limejaa miali hiyo hiyo. Kwa hiyo ni ya ndani ya nyumba, basi. Anayeanza na aina hiyo asihangaike nayo nje; atadhani ameiharibu bure.

Ya pili mdogo wangu aliituma kwa mtu aliyekuwa anarudi nyumbani. Hii ilikuwa na panga kuu moja na feni ndogo mkiani, na uzito wake haukufika gramu 50. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ile ya kwanza ilikuwa inajituliza yenyewe, mimi nilikuwa naishauri tu. Hii haikujituliza. Kijiti cha kushoto juu na chini ni nguvu ya kupanda, kulia na kushoto ni kugeuza pua. Kijiti cha kulia kinaiinamisha mbele, nyuma, kulia, kushoto. (Zipo rimoti ambazo nguvu iko mkono wa kulia. Chagua mpango mmoja mapema usiubadilishe, kwa sababu mkono ukishazoea hauhamishiki kirahisi.) Ukiyasikia hivyo unaona mambo manne, ukayagawa kwa mikono miwili, kazi imekwisha. Lakini hakuna hata moja linalokaa peke yake. Ongeza nguvu, mwili unataka kugeuka. Zuia kugeuka kwa feni ya mkia, na feni hiyo hiyo inaisukuma helikopta nzima pembeni. Zile zinazozungusha panga kulia ukizitazama kutoka juu, na nyingi za rimoti ziko hivyo, huserereka kushoto polepole. Haijaharibika. Inabidi uiinamishe kulia kidogo tu, na uishikilie hapo, ndipo itulie. Nilipoteza jioni mbili nikitafuta kasoro ambayo haikuwepo.

Mazoezi ya mwezi wa kwanza niliyafanya kwenye ukumbi wa shule, wanafunzi wakishakwenda zao. Nilifunga fito mbili za mwanzi, nyembamba kuliko penseli, msalaba chini ya miguu ya helikopta, na kila ncha nikachomeka mpira wa tenisi ya mezani. Zile fito zinaizuia isilale ubavu inapogusa chini vibaya. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote nilivyowahi kukitengeneza, na ndicho kilichoniokolea mapanga mengi kuliko kingine chochote.

Kosa langu la mwezi ule lilikuwa kuiacha chini sana. Hofu inakuambia usipande, kwa hiyo unairusha kimo cha kifundo cha mguu. Lakini hapo ndipo hewa ilipo mbaya kabisa: upepo unaosukumwa chini na panga unagonga sakafu, unatawanyika, unarudi, helikopta inayumba kama iko juu ya mpira. Nilipojikaza nikaipandisha mpaka usawa wa kifua, ikatulia ghafla, nami nikaona aibu kwa yale majuma niliyoilaumu. Jambo la pili ni macho. Helikopta ikiwa imekupa mgongo, jicho linavutwa na mkia kwa sababu ndio ulio karibu. Usiutazame. Tazama pua. Kijiti kinaamuru pua, na ukiufuata mkia kwa macho utageuza upande usio wenyewe.

Kipimo changu kilikuwa betri moja nzima, mkia ukiwa kwangu, bila kutoka ndani ya mraba wa vigae vinne. Kilinichukua miezi miwili na siku kadhaa. Siku nilipokifikia sikuwa na mtu wa kumwambia isipokuwa mlinzi wa shule, naye alishangilia kwa moyo wote.

Nje kulikuwa na hesabu nyingine. Chombo cha gramu 50 wakati wa kusi, ule upepo wa kusini, hakirushiki, hata ukiamka na jogoo. Kaskazi ina nafuu asubuhi. Lakini majira mazuri hasa ni tangambili, pale kusi inapokufa na kaskazi haijashika, upepo hauna mwenyewe. Mabaharia wa pwani hii waliyapa jina majira hayo kwa sababu ya vyombo vyao. Mimi nimeyaweka kwenye kalenda kwa sababu ya changu.

Mwaka wa pili nilinunua kubwa, iliyokwisha kutumika, saizi wanayoiita 450. Kila panga lake lina milimita 325. Kabla sijaiwasha nilikaa mezani na kalamu. Kipenyo chote ni sentimita 71 hivi, na panga linazunguka mara 2,500 kwa dakika. Ncha yake inakwenda mita 93 kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya kilomita 330 kwa saa. Nilirudia hesabu mara tatu. Mwaka 2013 huko New York kijana aliyekuwa na uzoefu wa helikopta hizi alipigwa na mapanga ya helikopta yake mwenyewe akafariki. Hiki si kitu cha kuchezea, na simruhusu mtoto asimame mbele yangu ninapokirusha. Nasimama mita kumi nyuma yake, watazamaji wote wako mgongoni kwangu, na nikimwona hata mbuzi anakatiza, nashusha.

Pia sikuirusha mjini. Vyombo vya angani visivyo na rubani vina mamlaka yake, ile ya Usafiri wa Anga, na uwanja wa ndege wa Tanga uko karibu kabisa na mji. Nilianza kwa kuuliza, halafu nikahamia shambani kwa mjomba, Muheza, kwenye kipande kilichovunwa mahindi katikati ya michungwa, na mwenyekiti wa kijiji nikamweleza mapema ninachokuja kufanya. Nalala kwa mjomba Ijumaa, Jumamosi alfajiri niko uwanjani.

Na betri. Hizi za lipo (lithiamu polima) zina nguvu kubwa katika mwili mdogo, na zinadai adabu. Ya helikopta yangu ina seli tatu. Kila seli ikijaa ni volti 4.2, na ikishuka chini ya 3 inaharibika, haitengenezeki. Narusha kwa saa ya kengele, dakika tano, natua hata kama bado ina nguvu. Iliyovimba siitumii tena, hata kama imevimba kidogo tu. Nachajia ndani ya chungu cha udongo juu ya sakafu ya saruji, ndoo ya mchanga iko pembeni, na siondoki chumbani mpaka taa ibadilike. Mke wangu alikataa kuchajia ndani ya nyumba usiku, na alikuwa sahihi.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, hakuna hata unyasi uliotikisika. Kwa majuma nilikuwa naituliza ile kubwa hewani vizuri, mkia kwangu, kimo cha kichwa. Nikaona nimeiva. Nikasukuma kijiti cha kushoto taratibu, pua ikaanza kuzunguka: ubavu, kisha robo tatu, kisha ikanitazama. Kichwa chake ni cha manjano. Kwa miezi yote ile nilikuwa sijawahi kukiona kikiwa hewani, kinanitazama mimi.

Ikalalia mkono wangu wa kulia kidogo, kama ilivyokuwa ikifanya kila siku. Mkono wangu ukafanya ulichokuwa ukifanya kila siku: ukasukuma kijiti kushoto. Ikalala zaidi. Nikasukuma zaidi. Sikuwa nafikiri, mkono ndio uliokuwa unajua, nao ulijua jambo moja tu. Kushoto kwangu kulikuwa kushoto kwake pale tu tulipokuwa tumeelekea upande mmoja. Ilipita juu ya mashina ya mahindi ikiwa imelala kabisa, panga likakamata udongo.

Sauti yake sijaisahau. Kulikuwa na mlio wa kuvunjika, kisha mota ikaendelea kupiga kelele huku gia zikijitafuna, kwa sababu kidole changu hakikukumbuka swichi ya kuikata. Swichi ile iko juu ya rimoti, karibu na kidole cha shahada, na kazi yake ni hiyo tu. Kama ningeikata kabla haijagusa chini ningevunja mapanga mawili. Nilivunja mapanga mawili, nikang'oa meno ya gia, nikapinda bomba la mkia, nikapinda shafti kuu. Tangu siku ile, kila nikianza mazoezi, kabla ya kupaa naigusa swichi mara kumi kwa kidole bila kuitazama. Mkono nao unafundishwa kama mtoto, kwa kurudia.

Nilipeleka vipande kwa fundi wangu wa redio Ngamiani, mzee ambaye mikono yake naiamini.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwalimu. Hii imepigwa na nani?"

Nikamweleza. Hakusema kitu. Alitoa kipande cha kioo cha dirisha, akakipangusa kwa kitambaa, akakilaza mezani chini ya taa. Akachukua ile shafti nyembamba inayopita kichwani kushika mapanga yote mawili, ambayo mimi nilikuwa nimeiweka kwenye fungu la vitu vizima. Akaiviringisha juu ya kioo kwa kidole kimoja. Ilikwenda kidogo, ikainuka, ikashuka, na chini yake, katikati, ukapita mstari wa mwanga usiozidi unene wa unywele. Ikaviringika tena, mwanga ukafunga. Ikaviringika tena, ukafunguka.

"Umeona, mwalimu? Ulikuwa unairudisha hii."

Niliona, na bado sikutii. Vipuri kutoka Maskati huchukua majuma, na sikuwa na shafti nyingine ya kichwa. Vingine vilipofika nikaiunga helikopta na ile ile iliyopinda, nikajiambia unywele mmoja si kitu. Ilipopaa, mkia ulitetemeka mpaka ukaonekana miwili. Nikaendelea. Kwenye dakika ya pili mtetemo ulilegeza skrubu, kiungo kimoja kinachoinamisha panga kikachomoka, na hapo hakuna tena kijiti kinachosikilizwa. Ajali ile ya kwanza ilikuwa ya kutojua, naisamehe. Hii ya pili nilikuwa nimeonyeshwa kwa macho yangu. Sasa kioo cha namna ile kiko nyumbani, na kila kitu chenye umbo la shafti kinapita juu yake baada ya anguko lolote, hata lile dogo la kulala ubavu kwenye majani.

Nikiwa nasubiri vipuri vya mara ya pili ndipo nilipoanza programu ya mazoezi ya kwenye kompyuta. Rimoti ile ile inachomekwa kwa waya, helikopta iko kwenye skrini, ikianguka unabonyeza kitufe inasimama tena. Nilikuwa nimeidharau nikiiona ni mchezo wa watoto. Ingekuwa yangu kuanza upya ningeanza nayo kabla ya kununua hata skrubu moja. Nilijiwekea sharti: majuma sita, nusu saa kila usiku, pua ikinitazama mimi, sifanyi kingine. Umeme ukikatika, betri ya kompyuta ilinipa saa nzima.

Majuma mawili ya mwanzo nilianguka kila baada ya sekunde nne au tano. Nilijaribu kufikiri kwamba niko ndani ya helikopta, nimekaa kwenye kiti cha rubani. Inasaidia unapoitazama ikiwa mbali na ina nafasi. Ikishaanza kuanguka hakuna muda wa kuhamia kitini.

Kilichonifungua kilitoka shambani. Mjomba alikuwa anategemeza mgomba uliozidiwa na mkungu, akaniita nimshikie nguzo. Nikaisimamisha upande wa juu, ule mgomba ulikotoka.

"Sivyo, mpwa wangu. Weka huku unakolalia. Huko ulikoweka utausukuma uanguke."

Nilisimama na ile nguzo mkononi. Pua ikiwa inanitazama, helikopta ikilalia kulia kwangu, kijiti kinakwenda kulia: kule kule inakoangukia, kama nguzo chini ya mgomba. Si kuivuta irudi. Ni kwenda chini yake kuishika. Usiku ule kwenye kompyuta niliituliza hewani sekunde arobaini bila kuanguka. Kwa juma lililofuata nilikuwa nasema kwa sauti, "tegemeza, tegemeza," mpaka mke wangu akaja kuuliza nazungumza na nani. Kisha maneno yakaisha yenyewe, mkono ukabaki na jambo la pili la kujua.

Sikuipeleka ile kubwa shambani mara moja. Nilirudia ile ya gramu 50 kwanza, na fito zake za mwanzi, ukumbini. Halafu ubavu: majuma mawili kulia, majuma mawili kushoto. Halafu, Jumamosi moja, Muheza, ukungu bado umelalia michungwa, nikaipandisha ya kichwa cha manjano mpaka usawa wa macho, mkia kwangu. Nikaiacha itulie. Nikagusa swichi kwa kidole bila kuibonyeza, kujua tu iko wapi. Nikaizungusha.

Ikanitazama. Ikalalia kulia. Mkono ukaenda kulia, kidogo sana, nayo ikasimama. Ikalalia nyuma, ikaletwa. Sikumbuki kama nilikuwa napumua. Nakumbuka nyuzi za buibui kwenye mabua ya mahindi zikitikisika kwa upepo wake, na mjomba amesimama mgongoni kwangu na kikombe cha chai bila kusema neno, mpaka kengele ya dakika tano ikalia nikaishusha.

Siku hizi niko kwenye namba nane. Unaipeleka kulia, inazunguka, inapita mbele yako, inazunguka kushoto, inarudi. Mzunguko wa kulia nimeupata. Huo wa kushoto, pale inapomaliza kona na kuanza kunielekea, bado nashuka kimo bila kupenda, na mara mbili nimeikatisha njiani nikaituliza ikiwa imenipa mkia. Nimerudi kwenye kompyuta kwa kona hiyo moja. Kusi imeanza kuchoka. Nikijaliwa, tangambili ikiingia nitakuwa Muheza na betri mbili.